Pampu Ndogo ya Kuongeza Presha kwa Mtambo wa RO: Tathmini ya Mwaka Mmoja kwa Maji ya Kisima, Malindi

Kifaa ninachokitathmini hapa ni pampu ndogo ya umeme wa volti 24, isiyozidi ukubwa wa chupa ya maji ya lita moja, ambayo hufungwa ndani ya mtambo wa kuchuja maji kwa osmosisi ya kinyume, yaani ule mtambo ambao mafundi na wauzaji wa Malindi huuita RO. Nimeitumia kwa mwaka mmoja na miezi miwili katika nyumba ya watu sita, kwa maji ya kisima chetu wenyewe. Ninaandika kwa urefu kwa sababu kabla ya kuipata nilipoteza fedha na miezi minane nikiutibu mtambo wangu ugonjwa ambao haukuwa nao, na nimekwisha kuona katika nyumba za jamaa na majirani hapa mtaani kwetu, Barani, mitambo ya namna hiyo imeachwa chini ya sinki bila kutumika, pengine kwa sababu hiyohiyo.

Kisima chetu kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, kama visima vingi vya mwambao huu, na maji yake yana munyu. Kipima chumvi cha mkononi, ambacho ni mfano wa kalamu yenye kioo cha tarakimu, huonyesha miligramu 650 hivi za chumvi na madini katika kila lita baada ya mvua za masika, na hupanda hadi karibu 900 mwishoni mwa kaskazi, mvua zinapokuwa zimekatika kwa miezi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yaliyo chini ya miligramu 600 hivi kwa lita huwa na ladha nzuri, na kwamba yakipita 1,000 huzidi kuwa magumu kunyweka. Sisi tumo katikati: yanafaa kuoga na kufua, ila chai yake haina ladha ya chai, na birika hushika gamba jeupe la chokaa kila baada ya siku chache. Mavyaa wangu, anayeishi nasi, hakukubali kuyanywa hata siku moja, akawa ananunua maji ya madumu kutoka kwa wenye mikokoteni. Ndipo tukaamua kununua mtambo wa RO wenye hatua tano, utando (kile kichujio chembamba kinachotenga maji na chumvi) wa kutoa galoni 75 kwa siku, na tangi dogo la chuma la lita 12 linalokaa kando yake.

Tangu siku ya kwanza mtambo ulifanya kazi vibaya, nami sikujua kwamba ni vibaya, kwa kuwa sikuwa na cha kulinganisha. Asubuhi nilipata bilauri mbili, kisha mfereji wake ukaanza kutoa uzi mwembamba, kisha matone. Tulivumilia hivyo hadi ulipofika mwezi wa Ramadhani. Kwa yeyote aliyefunga siku nzima katika joto la Malindi, maji ya kufuturu si jambo dogo. Adhana ya Magharibi inaposikika, watu sita wanataka maji kwa wakati mmoja, na mfereji unadondoka tone baada ya tone kama unaohesabu tasbihi. Mavyaa wangu alinitazama bila kusema neno, akaagiza dumu lake liletwe. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu mtambo ule tuliununua kwa ajili yake.

Nilirudi katika duka nililonunulia. Muuzaji alisikiliza, akauliza kama maji ya mtambo yana chumvi, nikamwambia ndiyo, kipima kinaonyesha 110. Hapohapo akasema kwamba utando umekufa, ukauliwa na maji makali ya kisima, na akaniuzia mwingine kwa shilingi 4,000. Hakuuliza maji yanatoka wapi wala yanaingia kwa nguvu gani. Niliufunga utando mpya, na matokeo yakawa yaleyale: matone yaleyale, na kipima kikaonyesha 108. Sisemi kwamba alikusudia kunidhulumu; lakini mtu anayeuza mtambo ambao kazi yake yote hutegemea presha, kisha asiulize presha, hajaitendea haki kazi yake wala mteja wake.

Aliyeutambua ugonjwa ni fundi wa mabomba aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, ya kubadilisha valvu ya boya katika tangi la juu. Nilimwonyesha mtambo. Alifungua mkoba wake, akatoa geji ya presha, akaifunga kwenye mpira unaoingiza maji katika mtambo, kisha akaniita nisome mwenyewe. Mshale ulisimama kwenye psi 13, psi ikiwa ndicho kipimo cha presha.

"Dada, utando huu mpya hauna kosa," alisema, "na ule wa kwanza nao huenda haukuwa na kosa. Maji yako hayana nguvu ya kuupenya."

Maelezo yake yanastahili kuandikwa kikamilifu, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya nielewe ninachonunua. Kisima chetu hakisukumi maji moja kwa moja jikoni. Pampu ya kisima hupandisha maji hadi kwenye tangi la lita 2,000 lililo juu ya mnara, kisha maji huteremka kwa uzito wake. Kila mita moja ya kimo huyapa maji psi 1.4 hivi, na tangi letu lipo mita 9 juu ya sinki. Zidisha, utapata 13, ambazo ndizo geji ilizosoma. Mitambo ya RO ya nyumbani hutengenezwa ikitarajia presha ya psi 50 hadi 60, na ikiteremka chini ya 40 huanza kulegea. Sisi tulikuwa na robo tu ya kinachotakiwa.

Robo hiyo nayo haikuwa yetu yote. Maji yenye chumvi hayapendi kutengana na chumvi yake; pakiwa na utando katikati, ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndiyo yanayotaka kuhamia upande wa munyu, na RO hulazimisha kinyume cha tabia hiyo. Kwa hesabu ya mafundi, kila miligramu 100 za chumvi katika lita hula psi moja hivi ya presha kabla tone la kwanza halijapita. Kwa maji yetu ya 650, psi 6 au 7 zilikwisha kuliwa mlangoni, zikabaki 6. Sasa tazama lile tangi dogo la chuma: ndani yake mna mfuko wa mpira, na nyuma ya mfuko mna hewa iliyojazwa kiwandani kwa psi 7 tangi likiwa tupu. Maji yenye nguvu ya psi 6 hayawezi kuisukuma hewa yenye psi 7. Tangi letu halikupata kujaa hata siku moja kwa muda wa miezi minane, na zile bilauri mbili za asubuhi zilikuwa ni maji yaliyojikusanya katika vichujio na mipira tu.

Jambo la tatu ndilo lililonihuzunisha zaidi. Mtambo wa RO una valvu inayojifunga yenyewe na kukata maji yanayoingia, mara presha ya tangi inapofikia kama theluthi mbili ya presha ya maji hayo. Theluthi mbili za 13 ni kama 8 na nusu, na sisi tulikuwa hatuwezi kupita 6, kwa hiyo valvu haikujifunga kamwe, na maji ya mabaki, yaani yale yanayobeba chumvi kwenda nje, yakawa yanatiririka usiku na mchana. Niliyakinga kwa dakika 10 nikapata lita mbili. Fanya hesabu ya siku nzima, ni karibu lita 290, zilizopandishwa mnarani kwa umeme wa tokeni na kuishia katika shimo la maji machafu. Nilikuwa nimeona kwamba pampu ya kisima inawaka mara kwa mara, nikadhani watoto wanaoga mno.

Hata ile 110 ya kipima, ambayo muuzaji aliichukua kuwa ushahidi wa utando uliokufa, ilikuwa ni matokeo ya presha. Chumvi kidogo hupenya utando kwa mwendo wake uleule, presha iwe kubwa au ndogo. Maji ndiyo yanayoongezeka kadiri yanavyosukumwa. Yakipita machache, chumvi ileile hujikuta katika maji machache, na ladha inabaki. Utando mzima unaweza kuonekana umekufa kwa njia hii, na ninaamini nyingi zimetupwa hivyo.

Nilipouliza kuhusu kuinua mnara, fundi alinionyesha mnazi ulio uani. Ili kupata psi 40 kwa uzito wa maji peke yake, tangi lingelazimika kuwa mita 28 juu, yaani kimo cha minazi iliyo mirefu hasa. Nilifikiria pia pampu ya presha ya nyumba nzima, ile inayojiwasha mfereji unapofunguliwa. Hiyo ni nzuri kwa bafu za ghorofani, lakini mtambo wa RO huvuta maji kidogo mno, kiasi kwamba pampu kubwa, isipokuwa na tangi lake la presha, huwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, hadi swichi yake iungue. Anayehitaji presha kwa ajili ya RO peke yake hana haja ya gharama hiyo.

Kwa hiyo nikanunua pampu ndogo. Seti niliyoichukua, kwa shilingi 7,800 katika duka jingine mjini, ilikuwa na vitu vinne: pampu yenyewe, transfoma, swichi ya presha kubwa inayokaa karibu na tangi ili kuizima pampu tangi linapojaa, na swichi ya presha ndogo inayokaa kabla ya pampu ili kuizuia isizunguke pakavu maji yanapokatika. Pasiwe na anayekubali kuuziwa pampu bila swichi hizo. Pampu isiyo na swichi ya tangi haina wa kuizima, na pampu inayokosa maji huchakaa haraka.

Transfoma ndiyo kasoro kubwa niliyokutana nayo, na ninaiandika ili wengine waepuke. Ile niliyopewa mara ya kwanza ilikuwa imeandikwa volti 110 upande wa kuingilia, maana yake imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa nchi kama Marekani. Umeme wetu ni volti 240. Fundi aliisoma kabla ya kuichomeka, nami nikairudisha siku hiyohiyo, na duka likanibadilishia bila ubishi, jambo ninaloliheshimu. Lakini ingekuwa nimeifunga mwenyewe, ingeungua dakika ya kwanza, na huenda ingeondoka na pampu.

Kufunga kulichukua kama saa mbili na kugharimu shilingi 1,500. Pampu iliwekwa baada ya kichujio cha mchanga na vile vya makaa, na kabla ya valvu ya kujifunga na utando, ili mchanga wa kisima usiifikie. Kabla ya kuwasha, fundi alimwaga maji yote ya tangi dogo, akapima hewa yake kwa geji ya matairi, akaiweka sawa kwa pampu ya baiskeli kwenye psi 7. Mipira ya robo inchi aliikata kwa wembe, wima kabisa, kwa sababu ncha iliyokatwa mshazari haikai sawa katika kiungo na huvuja. Kiungo kimoja kilivuja hata hivyo usiku wa kwanza, nikaamka nikakuta kabati limelowa. Alirudi asubuhi akaukata mpira upya, na tangu hapo hakijavuja tena.

Mabadiliko yalionekana siku hiyohiyo. Geji iliyofungwa kabla ya utando ilisoma psi 72. Awali nilikuwa nimekinga lita moja moja kwa moja kutoka kwenye utando, bila tangi, ikanichukua dakika 45. Sasa lita hiyo ilipatikana kwa dakika 5. Joto la maji yetu nalo linasaidia, kwa sababu utando hupimwa kiwandani kwa nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu ya hapo huongeza maji kwa takriban asilimia 3. Kipima kilisoma 32, kwa utando uleule uliokuwa ukitoa 108 wiki iliyotangulia. Tangi dogo lilijaa, pampu ikazima, maji ya mabaki yakakatika, na jikoni pakawa kimya. Nilikaa kitako nikisikiliza kimya hicho. Kwa kila lita tunayokunywa sasa, mtambo hutoa lita mbili na nusu za mabaki. Kwa matumizi yetu ya lita 30 kwa siku ni lita 75, mahali pa zile 290 tulizokuwa tukimwaga bila kupata chochote. Nimeyaelekeza kwenye pipa. Yana chumvi ya miligramu 900 hivi, basi hatumwagilii mchicha, lakini yanatosha kwa choo na kwa kupiga deki, na minazi haina malalamiko.

Umeme unaotumika ni mdogo mno. Pampu yangu hula wati 25 hivi na huzunguka saa mbili na nusu kwa siku, kwa hiyo uniti moja ya tokeni huiendesha kwa zaidi ya wiki mbili. Kelele yake ni mvumo wa chini, ambao uliongezeka kwa kuwa pampu ilifungwa kwenye ubao wa kabati. Nilikata kipande cha kandambili kuukuu nikakiweka chini ya miguu yake, ukapungua. Bamba la chuma linaloishikilia limekwisha kushika kutu kwa hewa ya bahari, na nadhani watengenezaji wangefanya vyema kulitengeneza kwa plastiki kwa watu wa mwambao. Kichwa cha pampu chenyewe hakijapungua nguvu.

Si kila nyumba itafaidika kwa urahisi kama yangu. Jirani yangu mwenye nyumba ya chini alivutiwa akanunua seti kama hiyo, lakini tangi lake lipo mita 3 tu juu ya sinki, ambazo ni psi 4, na ile swichi ya presha ndogo ikadhani kwamba hakuna maji kabisa, ikakataa kuiwasha pampu. Fundi mmoja alimshauri aiondoe. Yule wetu alipendekeza jambo lililo bora zaidi, nalo ni kuweka swichi ya boya ndani ya tangi la juu, inayokata umeme wa pampu maji yanapokwisha, kisha ndipo ile nyingine iondolewe. Mwenye tangi la chini na aulize mapema swichi ya seti yake huanza kufanya kazi kwa psi ngapi.

Vilevile pampu haiondoi chokaa. Maji ya mwamba wa matumbawe ni magumu, na watengenezaji wengi wa tando huweka mpaka wa ugumu wa miligramu 170 hivi kwa lita. Yakizidi hapo, chokaa hujijenga juu ya utando taratibu, hata presha iwe nzuri namna gani. Ninatarajia kubadilisha wangu mapema kuliko mtu anayetumia maji laini, na ninaona hiyo ni gharama ya kuishi hapa. Kichujio cha mchanga nakibadilisha kila baada ya miezi minne badala ya sita, kwa sababu kikiziba, pampu hukosa maji na presha hushuka tena kutoka upande wa pili. Na tunapotia klorini kisimani, kama tulivyofanya baada ya mvua kubwa, naufunga mtambo kabisa mpaka maji ya tangi la juu yaishe harufu, kwa kuwa klorini huharibu utando wa aina hii bila dawa ya kuurejesha. Kuhusu vijidudu, sitegemei mtambo peke yake: kisima kilicho karibu na shimo la choo kinahitaji kupimwa maabara, na maji ya mtoto mchanga bado nayachemsha.

Kwa mwenye maji ya kisima yanayoteremka kutoka tangini, ninaipa pampu hii alama tisa kwa kumi, na hiyo moja ninaiondoa kwa sababu ya kutu. Wauzaji wa mitambo siwezi kuwapa alama hiyo. Geji ya presha niliinunua baadaye kwa shilingi 600, na nikiwa ningeinunua kwanza, nisingenunua utando wa pili.

Jana, kaskazi ikiwa mwishoni, kisima kilisoma 880 na maji ya mtambo yakasoma 43. Geji ilikuwa kwenye 70. Mavyaa wangu alikuwa amejaza birika mwenyewe, na dumu lake la zamani siku hizi tunatilia unga.